Isale kwa Ajili ya Ulimwengu

Mwalimu hakuingia darasani bila chungwa mfukoni. Koti lake la kaki lilikuwa limevimba upande wa kulia hata Jumapili kanisani, hata msibani, na watu waliozoea kumwona akishuka kutoka Old Moshi kuja Kiboriloni waliutambua ule uvimbe kabla ya kuutambua uso. Maabara ya shule yetu ilikuwa na mizani iliyokufa na sumaku zilizokwisha nguvu, kwa hiyo chungwa ndilo lililokuwa maabara. Alilirusha mpaka karibu na dari, akalidaka bila kulitazama, macho yake yakiwa kwa wanafunzi. Halafu akauliza kwa nini lilipungua kasi lilipokuwa likipanda. Aliyejibu vizuri alipewa chungwa akale, na ganda alitupe nje.

Nilisema maabara, lakini lilikuwa pia mahubiri. Kwa chungwa lilelile alifundisha mwendo wa mawe, wa mwezi, na mwishoni mwa muhula, wanafunzi walipokuwa wamechoka na yeye amechangamka, mwendo wa ulimwengu mzima. Aliwaambia kuwa ulimwengu unapanuka, galaksi zinaachana, lakini kila siku zinaachana kwa kasi ndogo kuliko jana, kwa sababu zinavutana. "Hakuna kitu kisichovutwa," alimalizia, na chungwa likatua kiganjani.

Msemo huo aliutumia kwa kila jambo. Mbuzi akirudi zizini mwenyewe, hakuna kitu kisichovutwa. Mlevi akionekana tena kilabuni baada ya kutubu mbele ya mchungaji, ni hivyohivyo. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa Desemba, pale barabara inapojaa magari ya waliotoka Dar kuja kula Krismasi kwao. Alisimama njia panda akiyahesabu kwa furaha, akasema kila Mchagga ni chungwa. Wanawe wawili walikuwa nje ya nchi na hawakuwa wakija. Juu ya hilo hakuwa na msemo.

Mimi si Mchagga. Nilizaliwa kwenye makambi ya mashamba ya miwa, kusini mwa mji, wazazi wangu wakiwa wamekuja kutoka Singida kutafuta kazi. Nilipangiwa kufundisha fizikia kwenye shule ile nikiwa bado na harufu ya chuo, nikapewa kiti kinachotazamana na cha Mwalimu katika ofisi ya walimu. Aliniita Mwalimu Mdogo. Miaka yote tuliyokaa pale sikuwahi kumsikia akimsifu mtu, ila alimenya machungwa akanigawia, na alinisahihishia ubao wangu baada ya kipindi bila kuniambia. Niliingia nikakuta mshale umegeuzwa au alama imeongezwa kwa mwandiko wake uliosimama wima.

Alikuwa na vituko vyake. Meza yake aliiweka makusudi ili aupe mlima mgongo. Wageni waliposhangaa kilele cha Kibo kilivyofunguka asubuhi baada ya mvua, yeye alisema hilo ni lundo la mawe, na lenyewe linavutwa kama lundo jingine lolote. Aliimba besi katika kwaya ya Kilutheri, na hapohapo alimsubiri mchungaji mlangoni ili amsahihishe alivyozitaja mbingu. Alichukia ushirikina mpaka alikataa kukanyaga nyumba yenye hirizi, lakini mila za kwao alizishika kuliko wazee wenzake. Kuchelewa alikuona ni wizi. Na neno moja halikuruhusiwa darasani kwake: sijui. Mwanafunzi aliyesema "sijui" alisimama mpaka kengele. "Sijui si jibu," alikuwa akisema. "Sijui ni mlango umeufunga mwenyewe halafu unalalamika giza."

Sasa nifike kwenye lile ninaloliendea huku nikilikwepa. Mimi ndiye niliyemwambia.

Ilikuwa wakati wa chai. Alikuwa ametoka kidato cha nne, akaketi, akamsimulia mwalimu wa Kiswahili jinsi galaksi zinavyochoka. Mimi nilikuwa na chapati mdomoni. Nikasema, kama mtu anayetaja kuwa basi la saa nne siku hizi linaondoka saa tano, kwamba hiyo imeshabadilika; ulimwengu hauchoki, unaongeza kasi. Aliniuliza nani kasema. Nikamweleza habari za nyota zinazolipuka huko mbali, ambazo mwanga wake unajulikana ukali wake kama wa balbu iliyoandikwa wati zake. Waliozipima walikuta ni hafifu kuliko walivyotarajia, maana yake zimekwenda mbali zaidi ya zilivyostahili. Kuna kitu kinasukuma, nikasema, na hakuna anayejua ni nini. Wamekipa tu jina, nishati ya giza.

Akaniuliza tangu lini. Nikamjibu kuwa hayo yaligunduliwa nikiwa bado shule ya msingi.

Akaanza kugusa vidole vyake kimoja kimoja. Nilidhani anatafuta hoja ya kunipiga nayo, nikajiandaa. Kumbe alikuwa akihesabu madarasa. Tangu nikiwa shule ya msingi, alikuwa amewasimamisha watoto wa watu kila mwaka mbele ya chungwa lake na kuwafundisha kitu ambacho wanasayansi wakubwa walikwisha kukitupa. Alilitoa chungwa mfukoni, akaliweka mezani, akaenda nyumbani. Kipindi chake cha mchana nikakifundisha mimi, na nilikifundisha kwa raha, Mungu anisamehe, nikijiona nimemwangusha simba.

Hakuniamini kwa neno tupu. Alinituma nimtolee kurasa kwenye duka la fotokopi mjini, akazisoma na rula chini ya mstari, kama anayesoma mkataba wa shamba. Baada ya muda akaja kuniambia kuwa ameelewa, ila kuna jambo limemkaa vibaya. Akalieleza kwa namna ambayo mimi na digrii yangu sijawahi kuipata, na mpaka leo naitumia darasani.

Alisema kuna sheria mbili. Moja ni ya vikubwa, inatawala milima na sayari na galaksi, nayo ni ya uvutano. Nyingine ni ya vidogo kuliko vumbi, ndiyo kwanta. Kila moja kwenye eneo lake haijawahi kukosea. Lakini ni kama mamangi wawili, machifu wa zamani, waliochimbiwa mfereji mmoja kutoka mlimani, wa juu na wa chini, kila mmoja na sheria yake ya siku za kumwagilia. Mambo yanakwenda vizuri mpaka ufike kwenye banio, pale maji yanapogawanyika, ambapo sheria zote mbili zinatakiwa zisemwe kwa mpigo, na hazisikilizani. Sheria ya vidogo inasema hata mahali patupu pana nishati ya kusukuma, na ukiihesabu kwa kanuni zake, maji yangetugharikisha sote kabla nyota ya kwanza haijawaka. Sheria ya vikubwa ikipima mfereji wenyewe, inakuta tone. "Sasa kati ya gharika na tone," aliniuliza, "mwanafunzi wangu nimwambie nini?" Nikamwambia watu wanalitafutia jibu. Akasema anaona aibu kusimama kwenye banio kwa miaka yote hiyo akijifanya ana ratiba ya maji.

Hapo ndipo isale ilipoanza.

Kwa asiyejua, isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Mchagga akimkosea mwenzake sana, huchuma jani la isale, hulifunga fundo, na kulipeleka kwa aliyemkosea. Likishafika mkononi mwako, hutakiwi kukataa. Ni jambo zito, la watu waliomwagiana damu, la ndugu waliotengana kwa ajili ya shamba. Mwalimu akaanza kupeleka isale kwa wanafunzi wake wa zamani, kwa kosa la kuwafundisha kuwa ulimwengu unapunguza kasi.

Alianza na wa karibu. Kiboriloni alimpata dereva bodaboda aliyekuwa amesoma kwake, akamwomba azime pikipiki, akampa jani na kumweleza. Kijana alipokea kwa heshima, akasema amesamehe yote, akauliza kama Mwalimu anakwenda mjini. Jioni watu walimwona akifukuzia nzi kwa lile jani. Mama wa mitumba alilia, kwa sababu alidhani Mwalimu anakufa na anaaga. Mjini kulikuwa na mwenye duka la vipuri, mtu wa familia ya Kihindi iliyokuwa pale tangu enzi za babu zake, naye alisoma kwa Mwalimu. Sisi tulisema huyo, asiye Mchagga, atalitia kwenye chombo cha maua. Alipoliona lile fundo alisimama, akatoka nyuma ya kaunta, akapokea kwa mikono miwili, na akaagiza duka lifungwe kidogo. Mwalimu alilisimulia hilo mara nyingi kuliko mengine.

Ofisini tulicheka. Tulisema Mwalimu amekuwa wakili wa Mungu, anaomba radhi kwa niaba ya uumbaji. Mimi nilicheka pamoja nao, ila chini ya kicheko kulikuwa na kitu kinanichoma, kwa sababu nilimwona anavyopanda na kushuka vilima vile kwa magoti yaliyokwisha, jani limechungulia mfukoni mahali pa chungwa. Nilimwambia aache. Nilimwambia kuteleza si kuanguka, kwamba alifundisha kilichokuwa kinajulikana alipokuwa chuoni, kwamba hakuna hata mmoja wa watu wale aliyepungukiwa na kitu maishani kwa ajili ya mwendo wa galaksi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mimi nikigundua nimewapa watu dawa iliyopitwa na wakati, nitasubiri waugue ndipo niwafuate.

Alistaafu akiendelea. Niliendelea kumtembelea kihambani kwake, mara nyingi nikiwa na kisingizio, mkungu wa ndizi au kitabu cha kurudisha, kwa kuwa sikuweza kusema ninakuja kwa sababu dhamiri inanisuta. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa akikua haraka. Nilimpa mzee mzigo kwa mdomo uliojaa chapati, nami nikabaki mwepesi.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba kuna mtu mmoja aliyekuwa akimruka. Kila nilipomtajia wanafunzi wake wa Himo, alibadili habari. Himo hapako mbali, na alikwishafika mpaka Rombo kwa jani lake. Mkewe ndiye aliyenieleza siku moja Mwalimu akiwa ametoka kwenda kuchungulia mfereji. Alisema kuna mwanafunzi mmoja wa zamani sana, anaitwa Manka, siku hizi ana mashine ya kusaga Himo. Huyo msichana alinyanyua mkono darasani na kuuliza kwa nini galaksi zisiwe zinaongeza kasi. Mwalimu alimwita mbele, akampa chungwa, akamwambia alirushe, na wote wangoje lisirudi. Lilirudi. Wakacheka. Mwalimu hakuishia hapo. Kila aliponyoosha mkono baada ya siku hiyo, alimuuliza kama chungwa lake limeshafika mbinguni. Mpaka akaacha kunyoosha mkono. Mwaka ule ulikuwa kabla ya ugunduzi wenyewe, mkewe alisema. Msichana alikuwa sahihi kabla wazungu wa darubini hawajasema.

"Huyo ndiye anayemnyima usingizi," alisema yule mama. "Hao wengine wote anawazungukia ili asifike kwake."

Mwaka jana miguu ilianza kumvimba na moyo kuchoka, na daktari akamwambia apunguze mwendo. Akaniita. Alikuwa ameshavaa koti, jani limefungwa fundo. Aliniomba nimpeleke Himo kwa gari langu siku ile ile, kabla hajabadili nia.

Nami nilikuwa na siri yangu. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba watu waliopima galaksi upya wameona dalili kuwa ile nishati ya giza huenda inapungua nguvu. Ni dalili tu, hawajathibitisha. Kama ni kweli, msukumo unalegea, na hakuna tena anayeweza kuapa mwisho wake utakuwaje. Nilikuwa nimejiuliza kama nimwambie au nisimwambie. Nikimwambia, huenda nikamwondolea mzigo niliomtwika. Nikinyamaza, anakwenda kumwinamia mtu kwa jambo ambalo pengine halikuwa kosa kubwa kiasi hicho.

Tulishuka mpaka Kiboriloni, tukaishika barabara ya lami kuelekea Himo. Mkono wake mmoja ulishika jani. Niliyatazama magoti yake yaliyovimba ndani ya suruali, nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote niliyosoma.

Alinigeukia. Sijawahi kuona uso wa mzee ukirudi ujanani kwa haraka namna ile. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akauliza kama hao watu ni wa kuaminika, nikasema ndiyo, ila wenyewe wanasema tungoje. Akacheka kidogo, akapiga paja lake.

"Kwa hiyo hakuna kitu kisichovutwa," alisema.

Kisha akaniambia nisimamishe gari.

Nikaegesha pembeni. Malori ya kwenda mpakani yakawa yanatupita na kututikisa. Nilielewa nilichokifanya. Nilidhani ninampunguzia mzigo, kumbe nimempa njia ya kukimbilia, na ameshaiona. Mara mbili nimemwambia mtu huyu habari za ulimwengu, na mara zote mbili nimemwambia kwa faida yangu: ya kwanza nionekane najua, ya pili nijione sina hatia. Alikaa akilitazama lile jani kwa muda, akalifungua fundo, akalinyoosha juu ya goti. Nikangoja aseme tugeuze.

Akalifunga tena, safari hii kwa nguvu zaidi. "Twende," alisema. "Tutachelewa."

Mashine ya Manka iko nyuma ya soko, banda la mabati lililojaa unga mpaka kwenye utando wa buibui. Manka alikuwa mwanamke mnene mwenye kilemba cheupe cha unga, akiwapangia wateja zamu kwa kidole. Alipomwona Mwalimu alikunja uso, kisha akamtambua, akampa shikamoo. Mwalimu akaitikia marahaba. Akatoa jani.

Watu wa foleni waligeuka kutazama. Mashine iliendelea kuunguruma. Manka hakunyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo ni ya nini?"

Mwalimu akaanza kueleza. Alipaza sauti juu ya mashine, akaeleza nyota zinazolipuka, mwanga hafifu, nishati isiyojulikana. Akakiri kuwa yeye, Manka, aliuliza swali ambalo dunia nzima ililijibu baadaye, na jibu likawa lake. Hakutaja zile habari mpya nilizompa njiani. Alieleza vizuri, kama enzi zake. Manka alimsikiliza akiwa ameweka mikono kiunoni, na alipomaliza akatikisa kichwa.

"Swali silikumbuki, Mwalimu," alisema. "La ulimwengu silikumbuki kabisa. Nakumbuka ulinicheka."

Sikuweza kumtazama Mwalimu. Nilitazama unga sakafuni. Katika vilima vyote vile, kwa majani yote yale, alikuwa ameomba radhi kwa ajili ya galaksi, na galaksi hazikuwa zimemdai radhi. Hata kama zingekuwa zinapungua kasi, hata kama chungwa lake lingekuwa sahihi tangu mwanzo mpaka mwisho, deni la pale bandani lingekuwa lilelile. Nadhani aliliona kwa wakati mmoja na mimi, kwa sababu mabega yalimshuka.

Aliliweka jani kwenye mkono wa kushoto, akalihamishia wa kulia, akalinyoosha upya.

"Nilikucheka," alisema. "Na nikawafundisha wenzako kukucheka. Ndilo nililokuja nalo."

Hakupaza sauti safari hii, na sina hakika kama foleni ilisikia. Manka alisikia. Alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea lile jani, akalichomeka kwenye kilemba chake. Kisha akainama akaizima mashine, na wateja hawakulalamika. Akamvutia Mwalimu gunia la mahindi akae, akamwita mtu alete maji ya kunywa. Mwalimu aliketi akapapasa mfukoni kama aliyezoea, akakuta chungwa, akampa. Sikujua alikuwa nalo.

Manka alilipima kiganjani. Akalirusha juu kidogo, akalidaka.

"Sasa niambie," alisema. "Huo ulimwengu. Unaongeza au unapunguza?"

Nilijua jibu la kitabuni. Nilijua na lile la kwenye simu. Nilifungua mdomo, na Mwalimu akaninyooshea kiganja nisiseme, kama alivyokuwa akimnyamazisha mwanafunzi anayemwibia mwenzake zamu. Alifikiri. Nilimfahamu miaka mingi na sikuwahi kumsikia akilitamka neno lile ila kulikemea.

"Sijui," alisema. "Wewe unaonaje?"

Manka alikaa kwenye gunia lililotazamana naye, akaanza kulimenya chungwa taratibu, akiwaza. Hatukumharakisha. Watu wa foleni waliweka ndoo zao chini, na Mwalimu alikunja mikono yake mapajani akawa anamngojea ajibu.